Umesaini, Lakini Hujaondoka: Kujitoa Jeshini Marekani Kabla ya Siku ya Safari

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Wazazi wengi huikimbilia methali hiyo mtoto anapoanza kusitasita, na mara nyingi inafaa. Kwenye jambo la kujiunga na jeshi la Marekani haifai.

Chukua kijana wa miaka 18 anayeishi Louisville, Dayton au Des Moines. Novemba alipita ofisi ya jeshi, akafanya mtihani, akapimwa afya, akasaini, akainua mkono wa kulia na kula kiapo mbele ya bendera. Tarehe yake ya kuondoka ni Juni, akishamaliza shule. Ilipofika Februari roho imegoma. Akisema nyumbani, baba anamjibu kwamba ahadi ni deni. Akisema ofisini, anaambiwa mkataba ni mkataba. Kisheria wote wawili wamekosea. Nguo amevua, sawa, ila maji bado yako mbali, na kanuni za jeshi lenyewe zinamruhusu kuzivaa tena na kurudi nyumbani.

Marekani haijamwita mtu jeshini kwa lazima tangu 1973. Kila aliyevaa gwanda baada ya hapo amejiunga kwa hiari, na hiari hiyo inageuka kuwa kamba siku moja maalumu, si kabla. Wanaoulizia mambo haya kwa Kiswahili ni zaidi familia za Wakongo waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, pamoja na Wakenya na Watanzania waliokuja kwa bahati nasibu ya viza. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuwa askari wa kawaida. Mkimbizi ambaye grini kadi yake haijatoka haruhusiwi, wala mwanafunzi aliye kwenye viza ya masomo.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Orodha ya Selective Service si jeshi. Ni daftari la majina ya wanaoweza kuitwa kama uandikishaji wa lazima ungerudi, na kila mwanamume wa miaka 18 hadi 25 anayeishi Marekani anatakiwa awemo: raia, mwenye grini kadi, mkimbizi, hata asiye na karatasi. Muda aliopewa ni siku 30 tangu atimize miaka 18, au tangu aingie nchini kama ameshapita umri huo. Mwenye viza halali ya muda, kama ile ya masomo, ndiye asiyehusika. Kuwemo kwenye daftari hakumfanyi mtu askari, na kujitoa jeshini hakumtoi kwenye daftari. Kuna wazazi waliokimbia vita Kivu ambao wakiona neno jeshi kwenye barua huichana. Uoga wao unaeleweka kabisa, lakini barua hiyo ikichanwa kijana anakuja kuulizwa siku ya kuomba uraia kwa nini hakujiandikisha.

Sasa njia yenyewe. Kila hatua ina uzito wake, na mwandikishaji hatakueleza uzito huo.

Kwanza kuna ofisi ya mwandikishaji, mara nyingi iko kwenye safu ya maduka, kati ya duka la simu na duka la piza. Chochote unachofanya pale, hata ukijaza fomu kumi, hakikufungi. Pili kuna mtihani wa ASVAB. Alama inayoamua kama unaweza kujiunga hutolewa kwenye sehemu nne tu za mtihani: hesabu za maelezo, hisabati, msamiati, na kuelewa kifungu cha habari. Hubaki hai kwa miaka 2. Kufaulu hakukufungi pia.

Tatu ni kituo cha MEPS, yaani cha kupima na kuapisha wanaojiunga, na nchi nzima vipo 65. Kijana hulazwa hotelini usiku mmoja, huamshwa alfajiri, hupimwa macho, masikio, damu na mkojo, kisha huambiwa achuchumae na kutembea kama bata ili daktari aone magoti na nyonga. Akipita, huketishwa mbele ya mshauri mwenye kompyuta anayemwonyesha kazi zilizopo. Huyu mshauri ndiye muuzaji hasa. Nafasi anayoionyesha ataiita ya mwisho, na kijana ambaye hajalala vizuri wala hajaongea na mtu wa nyumbani ataamini. Anasaini fomu DD 4, ambayo ndiyo mkataba wenyewe, anaingia ukumbi wa bendera, anakula kiapo cha kwanza.

Hapo ndipo anapoingia kwenye Delayed Entry Program, kwa kifupi DEP, yaani kusubiri. Kusubiri huko kunaweza kufika siku 365. Kwenye makaratasi yeye sasa ni mtu wa akiba. Hana mshahara, hana sare, hana bima, na sheria ya kijeshi haimshiki.

Nne ni siku ya safari. Anarudi MEPS, anakaguliwa haraka, anasaini sehemu ya mwisho ya DD 4, anakula kiapo cha pili, na jioni yuko kwenye ndege au basi. Soma sehemu ile ya mwisho kwa makini, kwa sababu wengi huisaini wakiwa na begi begani. Inasema kwamba mwenye kusaini anaomba kuachiliwa kutoka DEP na kuandikishwa kwenye jeshi lenyewe. Maana yake mkataba wa Novemba haugeuki wenyewe kuwa uaskari. Unahitaji sahihi mpya na kiapo kipya. Asiyetokea siku hiyo hajatoroka jeshi, kwa kuwa hajaingia.

Basi kamba ni kiapo cha pili. Kabla yake kujitoa ni suala la barua. Baada yake unategemea kamanda atakavyoamua, na asiyerudi kambini kwa siku 30 huhesabiwa mtoro.

Kama bado unapima ubaki au utoke, kaa na DD 4 mezani, pamoja na viambatisho vyake. Kuna mahali patatu pa kuweka kidole. Pa kwanza ni miaka. Mwandikishaji husema minne. Fomu inasema jumla ni 8. Ile minne ni ya kazi kambini, na iliyobaki ni ya akiba, ambapo unaishi nyumbani lakini unaweza kuitwa. Pa pili ni kifungu cha ahadi. Kinasema ahadi zote za serikali ni zile zilizoandikwa hapo na kwenye viambatisho, na kwamba lolote ambalo mtu mwingine amekuahidi halitaheshimiwa. Bonasi, aina ya kazi, kambi ya karibu na nyumbani: kama hayapo kwenye kiambatisho, hayapo. Pa tatu ni kifungu cha 9b. Kinasema sheria za mshahara, marupurupu na wajibu wa askari zinaweza kubadilishwa bila kukuarifu, bila kujali mkataba unasema nini. Mkataba wa namna hiyo kwenye biashara ya kawaida, hakuna mwenye duka Kariakoo angeukubali.

Kwa asiye raia kuna jambo jingine ambalo mara nyingi hulijua akiwa ameshakaa mbele ya ile kompyuta. Kazi zinazodai kibali cha siri za serikali zimefungwa kwake, na cheo cha ofisa hakipati mpaka awe raia. Alikwenda na ndoto ya kompyuta na upelelezi, akarudi na nafasi ya dereva wa lori au mpishi. Kazi hizo si za aibu, lakini cheti cha udereva wa lori kubwa hupatikana mjini bila kiapo.

Vijana wetu hujiunga kwa sababu tatu: uraia, ada ya chuo, na fedha za kuanzia maisha. Uamuzi wa kuacha unasimama imara tu kama kila moja imepigiwa hesabu.

Uraia kwanza, kwa sababu ndio unaozungumzwa zaidi sebuleni. Ni kweli jeshi linafupisha njia. Kwa kuwa serikali inahesabu kipindi cha tangu 11 Septemba 2001 kama kipindi cha mapambano, askari mwenye utumishi wa heshima anaweza kuomba uraia bila kungoja miaka 5, na halipi ada. Lakini faida hiyo ni kubwa kiasi gani kwako wewe? Mkimbizi akipata grini kadi, tarehe yake hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia Marekani. Aliyetua Machi 2022 anatimiza miaka 5 Machi 2027, na sheria inamruhusu kupeleka fomu N-400, ile ya kuomba uraia, siku 90 kabla, yaani Desemba 2026. Mtu huyu akijiunga leo kwa ajili ya uraia, anauza miaka 8 ili anunue miezi. Aliyekuja kwa bahati nasibu akaingia Juni 2025 hesabu yake ni tofauti: bila jeshi ataomba kuanzia Machi 2030, kwa hiyo kwake jeshi linaokoa miaka halisi, na hilo lisifichwe. Ila naye ajue kwamba uraia uliopatikana kwa utumishi unaweza kufutwa akitolewa jeshini kwa sababu isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi mwema. Uraia wa njia ya kawaida hauna sharti hilo.

Na ada ya N-400 isiwe kisingizio. Tangu Aprili 2024 ni dola 760 kwa karatasi na 710 kwa mtandao. Kuna ada nafuu ya 380 kwa familia za kipato kidogo.

Ada ya chuo ndiyo hoja nzito ya jeshi. Mpango wa Post-9/11 GI Bill hulipia miezi 36 ya masomo, na kiwango kamili hupatikana baada ya miezi 36 ya kazi. Aliyetumikia nusu hupata asilimia, si kamili. Upande wa pili, mwenye grini kadi anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, kama raia anavyojaza, na ruzuku ya Pell kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 ilifika dola 7,395. Ruzuku hairudishwi. Kwa mtoto wa familia yenye watoto sita na mshahara mmoja wa kiwandani, anayeanza chuo cha jamii cha miaka 2 karibu na nyumbani, fedha hiyo mara nyingi hutosha ada na kubakiza ya vitabu. Wengi wanaosema hawana njia ya chuo isipokuwa jeshi hawajawahi kufungua FAFSA. Ijaze kwanza, pata jibu la chuo, ndipo ulinganishe.

Kuhusu fedha: askari wa ngazi ya chini kabisa, kwa viwango vya Aprili 2025, alilipwa dola 2,319 kwa mwezi kabla ya kodi, akila na kulala kambini. Si mbaya kwa asiye na kodi ya nyumba. Bonasi ndiyo yenye mtego. Hukatwa kodi, hailipwi kabla ya kumaliza mafunzo, na asiyemaliza mkataba hudaiwa sehemu ambayo hakuitumikia. Anayejitoa akiwa DEP hadaiwi kitu, kwa kuwa hajapokea kitu. Na kama hoja ni kutaka kazi haraka tu, sheria ya taifa inadai angalau saa 75 za mafunzo ili mtu awe msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba za wazee. Majimbo mengine huongeza. Nusu ya mashangazi kanisani wanaweza kukuelekeza pa kuanzia.

Haya, umeamua. Tuandike barua.

Haiandikwi kwa mwandikishaji. Yeye hana mamlaka ya kukuachilia. Ana idadi ya watu anayodaiwa kila mwezi, na jina lako limo kwenye idadi hiyo. Mwenye mamlaka ni mkubwa wake, kamanda wa batalioni ya uandikishaji kwa jeshi la nchi kavu, au mwenye cheo kama hicho kwa wanamaji, wanaanga na Marine. Anwani ya ofisi hiyo hupatikana kwenye tovuti ya jeshi husika au kwa kupiga simu na kuiulizia bila kujieleza.

Barua iwe ya Kiingereza, ukurasa mmoja, tena mfupi. Yaliyomo kwa Kiswahili ni haya:

Jina langu kamili ni fulani, nilizaliwa tarehe fulani. Niliingia DEP tarehe fulani katika kituo cha MEPS cha mji fulani. Tarehe yangu ya kuondoka ni fulani. Naomba kuachiliwa kutoka DEP. Nimeamua kuendelea na masomo, na uamuzi wangu ni wa mwisho. Sitafika siku ya kuondoka. Naomba nithibitishiwe kwa maandishi kwamba nimeachiliwa, na mawasiliano yote yaje kwa barua.

Sahihi, tarehe, anwani. Namba ya Social Security usiandike kamili. Toa nakala mbili kabla ya kufunga bahasha. Nenda posta, omba Certified Mail pamoja na Return Receipt, ile yenye kikadi cha kijani kinachosainiwa na mpokeaji na kurudi kwako. Nayo ni grini kadi ya aina yake, itunze vilevile. Nakala ya pili mpelekee mwandikishaji kwa baruapepe ili asiseme hakujua.

Muda mzuri ni mapema kadiri uwezavyo, na isipungue wiki 2 kabla ya safari. Kadiri siku inavyokaribia ndivyo ofisi inavyokazana, kwa sababu kiti chako kwenye ndege na kwenye kambi ya mafunzo kimeshapigiwa mahesabu.

Sababu ya kujitoa inaweza kuwa masomo, kazi, familia, dini, au moyo kubadilika. Sentensi moja inatosha. Ukiandika kurasa tatu unampa msomaji mahali pa kushika: ukisema hutaki kwenda mbali na mama mgonjwa, utapigiwa simu kuambiwa kuna kambi ya karibu. Tena kuna sababu mbili ambazo mhamiaji asiziandike kamwe, na hapa naomba usome polepole.

Ya kwanza ni kusema unajitoa kwa sababu wewe si raia. Inaonekana ni sababu nyepesi isiyomuudhi mtu. Lakini sheria ya uhamiaji, kifungu cha 315, inasema mgeni aliyeomba kusamehewa au kuachiliwa utumishi wa jeshi kwa msingi kwamba ni mgeni, akaachiliwa kwa msingi huo, amejifungia mlango wa uraia wa Marekani maisha yake yote. Fomu N-400 ina swali la kuuliza jambo hilohilo: je, umewahi kuachiliwa mafunzo au utumishi wa jeshi kwa sababu u mgeni? Usijitengenezee jibu la ndiyo kwa sentensi ya adabu. Kama mwandikishaji atajitolea kukuandikia barua, isome yote kabla ya kuisaini, hasa mstari wa sababu.

Ya pili ni bangi. Kuna ushauri unaozunguka kati ya vijana, kwamba njia rahisi ya kutemwa ni kusema umevuta. Kwa raia mzaliwa ushauri huo ni wa kijinga. Kwa mwenye grini kadi ni wa hatari. Bangi inaweza kuwa halali kwenye jimbo lako, lakini sheria ya uhamiaji ni ya taifa, na huko bado ni dawa iliyokatazwa. Kukiri kwa maandishi kunaweza kukurudia siku ya kuomba uraia, au hata kwenye uwanja wa ndege ukitoka kumzika bibi Bukavu. Uongo wa ugonjwa nao usiuguse. Tangu 2022 vituo vya MEPS vinatumia mfumo uitwao Genesis unaovuta kumbukumbu za hospitali, na maneno yako yatabaki kwenye faili.

Baada ya barua kufika, simu zitaanza. Mara nyingi mambo hayaharibiki kwenye sheria; yanaharibika hapa, kwenye adabu. Watoto wetu wamefundishwa kutokumkatia mkubwa maneno, na mtu aliyevaa sare na kuwaita mabwana ni mkubwa. Wanapokea kila simu, wanajieleza upya kila mara, na kila maelezo yanazaa mjadala. Vitisho vinavyosikika ni vilevile: utakamatwa, utanyimwa mikopo ya chuo, hutapata kazi serikalini, grini kadi itachukuliwa. Hakuna hata kimoja cha kweli. Kuachiliwa kutoka DEP si kufukuzwa kwa aibu, hakuna alama ya uhalifu, na wala huhesabiwi kuwa umewahi kuwa askari. Karatasi ya DD 214 inayopewa wanaomaliza utumishi hutapewa, kwa kuwa hukutumikia. Kanuni za uandikishaji zenyewe zinakataza kumtisha au kumlazimisha aliye DEP. Akiendelea, andika tarehe, saa na maneno aliyosema, kisha mwandikie tena kamanda wake. Likishindikana, ofisi ya mbunge wa eneo lako katika Kongresi hupokea malalamiko ya namna hii na kuyauliza jeshini, hata ya wasio raia. Ipo pia huduma ya simu ya GI Rights Hotline, ya bure na ya siri, yenye washauri wanaoshughulikia hasa mambo haya.

Mwaliko wa kikao kidogo ni mtego wa pili. Utaambiwa upite ofisini kusaini karatasi za kutoka. Hakuna kanuni inayokulazimisha kwenda. Utakuta mkubwa wake ameketi, pengine na askari mwingine kijana mwenye lafudhi kama yako, na mazungumzo yataanza upya. Kama vyeti vyako halisi viko kwao, cheti cha kuzaliwa, kadi ya Social Security, cheti cha shule, vifuate ukiwa na mtu mzima, vipokee ukiwa umesimama, ondoka.

Mwaliko mbaya kuliko wote ni wa kwenda MEPS ukaachiliwe huko. Jengo hilo ndilo linalotoa kiapo cha pili. Vijana walioingia pale kukataa wamezungumzishwa saa nzima, wamepelekwa chumba hadi chumba, na jioni wakajikuta uwanja wa ndege. Siku ya safari kaa nyumbani, au nenda kazini. Mtu wa ofisi akija mlangoni, ni mgeni kama wageni wengine. Hana hati ya kukamata, na anaweza kuambiwa kwa heshima kwamba jibu liko kwenye barua.

Yote haya ni ya anayesubiri kuingia jeshi la kudumu. Aliyejiunga na National Guard ya jimbo au akiba ya Army Reserve hayuko kwenye DEP hata kama naye anasubiri mafunzo. Ameshaapishwa kuingia kwenye kikosi, pengine anahudhuria wikiendi moja kila mwezi na kulipwa. Anaweza kuachiliwa pia, lakini ombi lake linapita kwa kamanda wa kikosi, na kukaa kimya bila kutokea kuna matokeo. Njia ya kujua uko wapi ni kuangalia DD 4 yako imetaja nini, na kama umewahi kupokea malipo. Ukiona malipo, zungumza na mshauri kabla ya kuandika neno lolote.

Mafunzo ya ROTC chuoni, yanayoandaa maofisa, ni habari nyingine. Asiye na ufadhili anaweza kusoma miaka 2 ya kwanza bila kufungwa. Mwenye ufadhili wa miaka 4 hufungwa anapoanza mwaka wa pili. Ile ya sekondari, JROTC, haimfungi mtoto kwa lolote, ijapokuwa sare inawafanya akina mama wafikiri ameshachukuliwa.

Kwa wazazi wenye mtoto wa miaka 17, mlango wenu ni mpana zaidi. Bila sahihi ya wazazi hajiungi, na kama wote wawili wana haki ya malezi, zinatakiwa sahihi mbili. Shida ni kwamba kwenye nyumba nyingi anayesoma Kiingereza ni mtoto huyohuyo. Afisa anaongea, mtoto anatafsiri mkataba wake mwenyewe, baba anasaini. Kataeni mpangilio huo. Ombeni mkalimani asiye wa familia, na ombeni karatasi zilale nyumbani usiku mmoja. Afisa atakayesema haiwezekani kulala amewapa jibu.

Na kama simu za jeshi zimeanza kabla mtoto hajaonyesha nia, zimetoka shuleni. Sheria ya elimu ya taifa inaitaka sekondari inayopokea fedha za serikali kuu iwape waandikishaji majina, anwani na simu za wanafunzi wanapoziomba. Mzazi akiandika barua ya kukataa, shule inalazimika kuheshimu. Mistari mitatu inatosha, ipelekwe mapokezi mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na mwombe nakala yenye mhuri. Mtihani wa ASVAB unaotolewa shuleni nao una chaguo namba 8, linaloifanya shule isiyapeleke matokeo kwa waandikishaji. Shule ndiyo inayochagua, kwa hiyo mwulizeni mshauri wa wanafunzi mapema kama wamechagua hilo.

Jibu la jeshi huweza kuchelewa wiki kadhaa, na wakati mwingine halifiki mpaka tarehe ya safari ipite. Lisipofika, andika tena ukiliomba. Likifika, lihifadhi pamoja na nakala ya barua yako na kile kikadi cha posta, kwenye faili lenye I-94, ile karatasi ya kuingilia nchini, na vyeti vya watoto. Afisa wa uhamiaji akiuliza siku ya N-400 kama umewahi kuwa na jambo lolote na jeshi, eleza kwamba uliingia DEP ukaomba kutoka ili usome, kisha mfungulie faili.